Meno ya Plamedi na Nyavu za Koko

Jumatatu, 6 Oktoba

Dukani. Mvua. Ndoo na mabeseni bado yako ndani, siyatoi mpaka anga ijue inataka nini. Plamedi, binti yangu, yuko shule, kama bado hawajamtoa.

Asubuhi ya leo: chai imemwagika, kiatu kimoja hakionekani, tumekitafuta mpaka nikaapa. Kilikuwa ndani ya ndoo ya unga. Ana miaka saba na bado hawezi kumaliza kuvaa nguo bila kwanza kwenda kumwona mjusi. Mwenye toleka wa jirani hataki tena kumbeba peke yake, anasema mtoto anashuka wakati baiskeli bado inakwenda. Nikapanda naye, nimemshika kama gunia la chumvi mpaka getini.

Lakini jana! Jana alasiri alikaa na babu yake uani bila kuinuka. Koko ni baba wa mume wangu, mtu wa Isangi, anakaa nasi tangu mkewe afariki. Anafuma nyavu za wavuvi. Yeye anafunga kamba ya chini, Plamedi anabana vizito. Vizito vyenyewe ni vipande vya risasi, madini laini. Unakikunja kipande juu ya kamba halafu unakibana kisitoke. Koko anasema koleo linakata uzi, ila meno yanajua pa kuishia. Meno yake yamebaki mawili matatu, kwa hiyo anayebana ni Plamedi. Krak, krak. Mguu umetulia. Macho yametulia. Mtoto mwingine kabisa.

Namshukuru Mungu kwa Koko. Hakuna mtu mwingine Kisangani nzima anayeweza kumkalisha mwanangu. Nimechukua kizito kimoja chenye alama za meno yake, nimekiweka hapa juu ya meza ya duka. Nikikiangalia nacheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu Justine ameniita. Plamedi haandiki. Anaanza mstari, anauacha. Anajibu swali kabla halijaisha, hata la mwenzake. Jana alipanda dirishani wakati wa hesabu. Mwalimu si mtu mbaya. Darasa lake limejaa mpaka wengine wanakaa chini, na nguvu zake zote zinaishia kwa mtoto mmoja.

"Miye namupenda, mama Plamedi," alisema. "Mais ananichokesha kichwa."

Mkuu wa shule anataka tumpeleke kwa daktari, turudi na maneno ya daktari. Tusipofanya hivyo, baada ya Krismasi nafasi yake atapewa mwingine.

Nililia dukani nyuma ya mabeseni. Akaja mteja. Nikauza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kuku wa Koko amekufa tena. Alizunguka, shingo imepinda, akaanguka pale pale mbele ya nyumba. Si wa kwanza.

Solange alikuwepo. Ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alimtazama kuku, akamtazama Plamedi aliyekuwa anaruka juu ya kamba ya nguo, halafu akasema wazi: "Kuku zinakufa bure? Na mutoto halale, hatulie, anaongea yeye pekee? Kavira, fungua macho. Mutoto iko na ndoki."

Ameshapata chumba cha maombi, ng'ambo ya daraja la Tshopo. Watoto wanalala huko na wanafunga. Hawapewi chakula mpaka huo uchawi utoke. Anangoja tu mume wangu arudi na mali ya kuuza kutoka Isangi, familia ikae, iamue.

Namjua mtoto mmoja aliyepitia kule. Alipotoka hakurudi kwao. Analala sokoni, namwona kila asubuhi nikifungua duka.

Nitaandika na hili, kwa sababu ni kweli. Plamedi alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama mkate. Mimi nilikuwa nimepoteza damu, sijijui. Aliyemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akalala naye hivyo mpaka akapata uzito, ni Solange. Bila yeye nisingekuwa na mtoto wa kugombania. Namshukuru na namwogopa, yote mawili kwa mtu mmoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa. Plamedi alipita chini ya mabenchi, akatokea mbele kwa wanakwaya. Padri akacheka katikati ya mahubiri. Asante, padri. Wengine hawakucheka.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumeonana na daktari wa watoto, huku Makiso. Ni mwanamke wa Banalia, mdogo kuliko nilivyofikiri, sauti ya chini. Plamedi alifungua droo zake zote. Hakumkaripia. Alimpulizia glavu ikawa puto, akampa.

Maswali mengi. Alizaliwa kwa wakati? Hapana. Aliwahi kupata degedege? Ndiyo, kwa malaria, bado hajaanza hata kusema vizuri, alipoteza fahamu nikajua ameshakwenda. Aliwahi kuanguka akagonga kichwa? Nilipokuwa na mimba nilivuta sigara, nilikunywa pombe? Mimi? Nikacheka. Katika ukoo kuna mwingine wa namna hii? Nikasema mume wangu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa, na mimi mwenyewe naongea kama redio. Akaandika hayo pia.

Halafu akauliza mtoto anapenda kufanya nini nyumbani.

Nikajigamba. Nikaeleza nyavu, vizito, koleo linalokata uzi. Nikasema, daktari, ungemwona pale usingesema ana shida, anatulia, anabana kwa meno kama mtu mzima.

Aliweka kalamu chini.

Risasi inatoka wapi? Kwenye betri za magari zilizokufa. Nani anaiyeyusha? Koko. Wapi? Uani, mbele ya nyumba, kwenye mbabula ya makaa, ana sufuria yake ya zamani. Na mtoto anakuwa wapi? Pale pale. Anapenda jinsi inavyong'aa.

Akanieleza polepole. Risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Inaingia kwa mdomo, kwa moshi, kwa vumbi la mikononi. Mtoto halali kitandani kama mgonjwa. Anakosa utulivu, hashiki masomo, anakasirika upesi, na watu wanasema ni tabia. Hakusema kwamba hiyo ndiyo sababu. Alikataa kabisa kusema hivyo. Kuna watoto wanazaliwa hivyo tu. Kuzaliwa mapema kunaweza kuchangia, ile malaria inaweza, damu ya ukoo inaweza, na mara nyingi ni mambo mengi pamoja, hakuna anayeweza kuyatenganisha.

"Zile zingine zilishapita, mama," alisema. "Hii moja iko mu mikono yenu."

Wamechukua damu. Itakwenda Kinshasa kwa ndege, hapa hawana mashine ya kupimia. Plamedi alipiga kelele mpaka wauguzi wa chumba kingine wakaja kuona nani anachinjwa.

Kile kizito cha mezani nimekifunga ndani ya mfuko. Alama za meno bado zinaonekana. Sijui nikitupe wapi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Namchukia Koko. Naandika ilivyo.

Nilimwambia jana. Nilikaa chini kuliko yeye, nikaongea kwa heshima, nikaeleza kila kitu alichosema daktari. Alikuwa anafuma. Hakuinua macho.

"Miye nilianza kuuma plomb, hii risasi, nikiwa mudogo kupita yeye," alisema. "Na niko hapa."

Akaomba maji. Kikombe kikatetemeka mkononi mwake, kama kila siku, nusu ya maji ikamwagika kwenye nyavu. Mazungumzo yakaisha.

Nimemkataza Plamedi asisogee kwenye vizito. Amelia kuliko siku ya sindano. Na sasa ile alasiri yake ya utulivu imekwenda, hana tena mahali popote pa kukaa. Anazunguka ua mzima kama amefungiwa. Aliyemfukuza pale ni mimi.

Asante ya leo? Mvua ilikatika. Basi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nafanya alivyosema daktari. Plamedi anakula kabla ya kwenda shule, kwa sababu tumbo tupu linaivuta zaidi ile sumu: uji, maharage ya jana, chungwa. Mchana majani ya sombe na samaki wadogo, ndakala. Vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa yake ni kidogo. Kucha fupi. Mikono kwa sabuni. Ndani sifagii tena, vumbi linapaa. Napangusa kwa kitambaa chenye maji. Pale mbele ya nyumba nimeondoa udongo wa juu wote na kumwaga mchanga mpya. Jirani ananicheka, anasema mimi mama wa Butembo nimemaliza vyombo sasa naosha ardhi. Acheke tu. Lakini alinisaidia kubeba mchanga. Asante, jirani.

Koko bado anayeyusha. Amehamisha mbabula nyuma ya choo, ambako nimemkataza Plamedi kufika. Kuku wake wamemfuata huko, wanapekua majivu. Kuhamisha tu ni kitu kidogo.

Jumatano, 29 Oktoba

Mume wangu amerudi. Amekonda, ananuka mto na samaki wa kukaushwa, na Plamedi amemparamia mpaka mabegani kabla hajaweka mzigo. Nimefurahi kumwona kuliko nilivyotaka kumwonyesha.

Nimemweleza. Amenisikiliza akiwa anatembea. Solange naye amemweleza. Yeye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kuanza kuugua, na mume wangu hajui kumwambia hapana. Amesema karatasi ya majibu ya Kinshasa ikifika itatuonyesha njia. Mkutano wa familia ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Kila siku napita kwa daktari kabla ya kufungua duka. Hakuna.

Ijumaa, 7 Novemba

Karatasi haijafika. Daktari amepiga simu Kinshasa mbele yangu. Wanasema subirini. Niwaeleze vipi kwamba mkutano ni kesho?

Solange amepita na mkeka. Mdogo, mpya, una maua. Wa Plamedi kulalia huko kwenye maombi, asilale kwenye saruji. Ameuchagua yeye mwenyewe sokoni. Angekuja na fimbo ningejua la kufanya. Mkeka umenivunja.

Nimewaza kukimbilia kwetu Butembo. Barabara ile siku hizi si ya kupita na mtoto. Naogopa. Sina neno lingine.

Jumamosi, 8 Novemba

Nataka niandike kabla sijasahau hata kimoja.

Tulikaa barazani: Koko, mume wangu, Solange, na baba wadogo wawili waliovuka kutoka ng'ambo ya mto. Solange alisema yote. Usingizi, shule, mabenchi ya kanisani, kuku. Hasa kuku. Alisema huku analia, hakuwa anaigiza. Mume wangu aliangalia miguu yake. Nikasema habari za daktari. Baba mdogo mmoja akauliza, kwa upole kabisa, karatasi iko wapi. Sina.

Koko akainuka. Nikadhani anakwenda chooni. Aliporudi alikuwa na ile sufuria yake nyeusi ya kuyeyushia, akaiweka katikati yetu. Mkono mwingine ulikuwa na kuku aliyekufa. Akamlaza kando ya sufuria.

"Hii ilikufa leo asubuhi," alisema. "Mbele, zilikuwa zinakufa mbele, fasi nilikuwa nayeyusha. Kavira akaniambia maneno ya docteur. Nikasema bon, tutaona. Nikahamisha moto nyuma. Sasa mbele hakuna kuku inakufa. Zinakufa nyuma. Na mutoto hafikake nyuma, mama yake alimukataza."

Kwa hiyo alinisikia. Siku zote nilizomchukia alikuwa anaangalia kuku wake.

Akamgeukia Solange. "Mwana yangu, kama unatafuta ndoki usivuke daraja. Iko hapa. Iko mu sufuria yangu."

Halafu akanyoosha mikono yake mbele ya watu wote, ikitetemeka. "Na hii mulikuwa munaita uzee. Miye pia nilikuwa naita uzee."

Ndipo Plamedi akapita mbio katikati ya mkutano, anamfuata mjusi wake, akairuka sufuria, akamruka na kuku. Baba mdogo akacheka, akajizuia, akashindwa. Mume wangu akasimama na kusema mtoto haendi popote. Alisema akimtazama dada yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Solange alijifuta uso kwa kanga. Alipoondoka aliuacha mkeka. "Alalie hapa," alisema.

Nilimletea Koko maji. Nikamshikia kikombe kwa mikono miwili, akanywa, hakuna kilichomwagika.

Mzee amesimama mbele ya watoto wake na wadogo zake akaishusha kazi ya maisha yake yote, bila karatasi, bila kulazimishwa. Angeweza kunyamaza. Mtoto angekwenda, na yeye angeendelea kufuma. Asante, Koko. Asante, asante.

Ijumaa, 14 Novemba

Karatasi imefika. Risasi imo kwenye damu yake, na ni nyingi kuliko inavyofaa. Daktari anasema si ya kulazwa. Kazi ni kuiondoa nyumbani na kumlisha vizuri, itashuka polepole, tutapima tena. Anataka na Koko apimwe.

Nilimwuliza: atakuwa kama wenzake? Hakunidanganya. Alisema labda atatulia kidogo, labda hatatulia, kilichoguswa huenda kisirudi chote, na huenda angekuwa hivi hata bila risasi. Ni mtoto wa kusaidiwa, si wa kuadhibiwa. Ameandika hivyo kwa ajili ya shule: akae mbele, apewe kazi fupi fupi, atumwe-tumwe.

Nimetoka pale nimechoka lakini mwepesi. Kuna watu wangenipa maneno matamu. Nashukuru hakunipa.

Mume wangu ametia sufuria, betri na vipande vyote ndani ya pipa la chuma, amelifunga, ameliweka mbali na kisima mpaka tuelekezwe pa kulipeleka. Kile kizito changu nacho nimekitia. Nilikishika kwanza kupitia mfuko. Kisha nikakiachia.

Jumanne, 25 Novemba

Plamedi ameng'olewa jino na embe bichi. Jino la mbele. Amemwonyesha Koko, Koko amemwonyesha mapengo yake. Wamekaa wanalinganisha. Nilicheka mpaka nikaunguza ndizi za lituma.

Koko hafumi. Anakaa tu. Namwonea huruma, naye hataki huruma.

Jumamosi, 20 Desemba

Likizo. Duka limefungwa mapema, nimekuja kuandikia nyumbani, barazani.

Shule imemwacha abaki. Mwalimu Justine amemweka mbele na kumpa kazi ya kufuta ubao na kwenda kuchukua chaki. Bado anapanda dirishani. Mara chache zaidi, anasema mwalimu, au labda yeye mwenyewe amezoea.

Koko ameanza tena, kwa udongo. Alikumbuka mama yake pale Yanonge alifinyanga vizito vya nyavu vyenye tundu katikati, akavichoma, kabla betri hazijajaa kila mahali. Wavuvi walinung'unika kwamba ni vyepesi. Koko amewawekea vingi zaidi kwenye kamba. Mmoja amenunua. Mmoja si kitu, lakini Koko amekwenda kumwangalia akitupa wavu mtoni, na amerudi anatembea vizuri.

Sasa hivi wako uani mbele yangu. Koko anafinyanga, Plamedi anatoboa tundu kwa kijiti. Anainuka, anazunguka, anarudi, anatoboa, anainuka. Hatulii kama zamani. Koko hamwiti. Anamwachia nafasi yake kwenye mkeka wa maua, na kila mara mtoto anarudi. Solange yuko pembeni anachambua sombe. Amemmenyea Plamedi chungwa.

Plamedi amekuja mbio kunionyesha kimoja. Njiani akakipeleka mdomoni, ule mwendo wa zamani. Akasimama. Akamtazama Koko, akakitoa, akakifuta kwenye gauni, akanipa.

Kiko hapa karibu na mkono wangu, bado kibichi. Kina alama ya kidole chake.